Sakafu Kwanza, Bwawa Baadaye

Mpwa wangu,

Ramani ya nyumba zako za wageni kule Watamu nimeipitia, na juu ya bwawa lenyewe sina neno. Urefu mita 10, upana mita 5, kina kinaanza mita 1 na kuishia mita 1.5, ngazi ziko upande wa maji mafupi. Mchoraji anaijua kazi yake. Neno langu ni juu ya hicho kipande kinacholizunguka bwawa, ambacho amekiacha kitupu na kuandika "mawe" katikati. Hapo ndipo wageni watakapolala juani, watoto watakapokimbia na miguu iliyolowa, na mhudumu wako atakapopita na sinia la madafu. Na hapo ndipo pesa zako zitakapopotea ukifanya kama wanavyofanya wengi hapa pwani, kuiacha sakafu iwe kazi ya mwisho, ya kufanywa kwa hela zilizosalia.

Nimezeekea kwenye uashi. Mabwawa niliyoitwa kuyatengeneza ni mengi kuliko niliyoyajenga, na mara nyingi nilikuta bwawa ni zima, halivuji hata tone, ila kandokando yake ndiko kulikoharibika. Mawe yameinuka, vigae vya ukingoni vimebanduka, maji ya mvua yamesimama mlangoni mwa sebule. Mwenye nyumba hunionyesha jiwe lililopasuka akitaka nilibadilishe. Nami humwambia jiwe halina kosa, tulifunue kwanza tuone lililalia nini.

Shimo la bwawa huchimbwa pana kuliko bwawa, kwa sababu waashi wanahitaji nafasi ya kusimama nyuma ya ukuta. Ukuta ukishapanda na kupigwa plasta, hubaki handaki la nusu mita au zaidi kuzunguka bwawa zima. Siku ya kulijaza handaki hilo uwepo mwenyewe, usitume mtu. Vibarua watataka kumaliza kabla ya adhuhuri. Watatupa humo mchanga uliochimbuliwa, vipande vya matofali, mifuko ya saruji iliyoganda, vifuu vya nazi, chochote kilicho karibu, kisha watapita juu kwa miguu na kukuambia wameshindilia. Juu yake itamwagwa slabu, nusu imelalia mwamba wa matumbawe uliokuwepo kabla ya babu zetu, nusu imelalia takataka. Masika ya kwanza takataka itashuka na mwamba utabaki ulipo. Slabu itakatikia pale pale zinapokutana, ufa ulionyooka sambamba na ukingo wa bwawa. Nikiuona ufa wa namna hiyo huwa siulizi tena maswali.

Dawa yake ni ya kuchosha lakini si ghali. Jaza kwa tabaka za sentimita 15, si zaidi. Kila tabaka ilowanishwe, ishindiliwe kwa mashine, ndipo ije nyingine. Mashine ya kushindilia hukodishwa kwa siku, na gharama yake ni ndogo mno mbele ya gharama ya kung'oa sakafu nzima. Chukua nondo ya milimita 12, isimamishe mahali palipojazwa, ikandamize kwa mikono miwili. Ikizama kwa urahisi, warudie. Na kama una subira, bora zaidi, jaza sasa, acha masika yapige, kisha uangalie palipobonyea, ujaze tena, ndipo umwage zege. Najua wageni unawataka Desemba. Lakini ukimwaga zege juu ya kifusi cha wiki iliyopita, Desemba utakuwa na picha nzuri za kutangaza biashara, na Juni utakuwa na mafundi.

Kwenye kiwanja chako kuna jambo jingine ambalo mtu wa bara asingelijua. Uko karibu na ufuo, na chini yako kuna maji. Bwawa lako likijaa lina tani zaidi ya 60 za maji, na uzito huo ndio unaolikalisha mahali pake. Ukilimwaga mwezi wa Mei ili ulisafishe, wakati maji ya ardhini yamepanda, sanduku lile la zege linaweza kusukumwa kutoka chini likainuka. Likiinuka hata kidogo tu, sakafu yote ya kandokando huvunjika. Mwambie mjenzi aweke vali ya kupunguza shinikizo chini ya bwawa, na wewe jiwekee mwiko wa kutomwaga bwawa wakati wa masika.

Sasa tuje kwenye maji ya juu, maana hayo ndiyo yatakayokusumbua kila mwaka. Chukua sakafu ya mita za mraba 60, ambayo ndiyo takriban utakayokuwa nayo. Mvua ya usiku mmoja ikileta milimita 50, na Mei huko kwenu hilo si la kushangaza, sakafu hiyo peke yake imekusanya lita 3,000. Ni mitungi 150 ile ya lita 20. Kabla hujachagua rangi ya jiwe, nionyeshe mahali mitungi hiyo 150 itakapokwenda. Isiende bwawani, kwa sababu itabeba mchanga, majani na kinyesi cha ndege na kuyachafua maji uliyoyatia dawa. Isiende nyumbani. Na isiende kwa jirani, ambaye siku moja utamhitaji akupe ushahidi wa mpaka.

Kwa hivyo sakafu iinamie nje, mbali na bwawa, kwa sentimita 2 katika kila mita. Pungufu ya hapo maji husimama. Ikizidi sana vitanda vya wageni hukaa mshazari na glasi huteleza mezani. Upande ule ambao bwawa liko kati ya nyumba na bustani ni rahisi, maji yanateremkia kwenye nyasi. Upande wa barazani ndio wenye kazi, kwa kuwa sakafu ikiinama kulikimbia bwawa inaielekea nyumba. Hapo lazima pawe na mtaro mwembamba wenye wavu juu, katikati ya bwawa na baraza, unaopeleka maji kwenye shimo la kunyonya lililojazwa kokoto. Sakafu ya sebule nayo iwe juu ya sakafu ya nje kwa sentimita 15 angalau. Mtaro uwe na mwinamo wake mwenyewe, usilale sawasawa, maana maji yakilala humo siku tatu nne utafuga mbu. Dar es Salaam walipopata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014, kisha tena 2019, mbu aliyelaumiwa ni yule anayetaga kwenye maji kidogo yaliyosimama karibu na watu. Bwawa lenye klorini hawezi kulifanyia kitu, lakini mtaro wako ulioziba anaupenda.

Mwinamo uwe kwenye slabu yenyewe. Fundi mvivu humwaga slabu tambarare akaahidi kwamba mwinamo atautafuta kwenye udongo wa kulazia mawe. Matokeo yake mahali pengine udongo una sentimita 2, pengine 7, na ule mnene hupasuka. Siku slabu ikishakauka, kabla jiwe hata moja halijalazwa, fanya hivi mbele yake. Beba ndoo ya maji, mwaga taratibu ukianzia ukingoni mwa bwawa, kisha kaa chini usubiri. Maji yataanza kutembea. Mengine yatakimbia hadi mtaroni, mengine yatazunguka na kutulia mahali yakatengeneza kidimbwi kidogo cha upana wa sahani. Baada ya robo saa chukua chaki uzungushe kila kidimbwi kilichobaki. Fundi ataangalia chaki, atakuangalia wewe, atasema jiwe litaficha. Jiwe haliwezi kuficha kitu hapo, mpwa wangu, litakifuata kidimbwi tu. Palipo na chaki parekebishwe.

Zege lenyewe halina siri. Unene sentimita 10. Kipimo kile cha kawaida, karai moja la saruji, mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Wavu wa chuma, ule wa BRC, ndani yake. Ila mambo mawili ninayasisitiza kwa sababu ya chumvi. Mchanga wa ufuoni, hata ukiwa mlangoni pako na bure, usiuguse. Una chumvi, na chumvi hula chuma. Chuma kikipata kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Nunua mchanga wa mto. Na BRC isilazwe chini kisha mtu akaambiwa aivute juu kwa ndoano wakati zege linamwagwa. Hakuna anayeivuta. Ikae juu ya vitofali vidogo vya saruji tangu mwanzo, ili zege liifunike kila upande. Baada ya hapo magunia na maji siku saba, asubuhi na jioni, hata kama mlinzi atalalamika.

Slabu hutanuka kwa jua na kunywea usiku. Usipoipa mahali pa kupasukia itajichagulia yenyewe. Ikatwe kila baada ya mita 3 hivi, mkato wa robo ya unene wake, ukatwe siku ya pili yake zege likiwa bado bichi kiasi. Mawe ya juu yafuate mikato hiyo. Mchoraji atasema mistari itaharibu sura. Mwambie apange mawe yake yaangukie kwenye mistari, hiyo ndiyo kazi aliyosomea.

Lakini kiungo kikubwa kuliko vyote ni kile kati ya bwawa na sakafu. Haya ni majengo mawili, hata kama macho yanaona moja. Bwawa ni sanduku zito lililosimama chini kabisa. Sakafu ni kipande chepesi kilicholala juu ya udongo. Kila kimoja kina mwendo wake. Nyuma ya mawe ya ukingo acha pengo la sentimita moja na nusu, lizunguke bwawa zima bila kukatika, lijazwe kamba ya sponji kisha gundi ile inayonyumbulika kama mpira. Saruji isiingie humo, wala kigae kisilivuke. Nimeona hoteli moja, sitaitaja, ambapo fundi aliliziba pengo kwa saruji na rangi ya kufanana kwa sababu meneja hakuupenda ule mstari mweusi. Sakafu ilipotanuka Januari ililisukuma jiwe la ukingo likaning'inia juu ya maji. Mtoto angelishikilia ili ajivute juu, lingemwangukia. Gundi hiyo haidumu milele. Ikague kila mwaka kabla ya masika, na ilipokauka au kubanduka, ikwanguliwe na kuwekwa mpya. Ni kazi ya siku moja.

Sasa jiwe, ambalo najua ndilo ulilotaka tuanze nalo.

Hapa pwani tuna bahati. Jiwe la Galana linapatikana karibu nawe, lina uso wa asili wenye mkwaruzo, na rangi zake za maziwa na udongo hazichomi sana miguu. Mazeras nalo limetandikwa katika nyua nyingi kuanzia Mombasa hadi Nairobi, lakini lichague jiwe kwa jiwe. Bapa ambalo ukiligonga linatoa sauti ya kupwaya litakumenyukia tabaka kwa tabaka. Matumbawe yaliyokatwa ni baridi mguuni kuliko yote na hayatelezi yakiwa mapya. Wazee wa Gedi, hapo karibu na kwako, walijenga mji mzima kwa matumbawe na chokaa, na kuta zingali zimesimama ingawa wenyewe walihama karne ya 17. Ila kuta hazikanyagwi na miguu yenye klorini. Matumbawe yana vinyweleo, hunywa maji na mafuta, na upande wenye kivuli huota ukijani unaoteleza vibaya sana. Ukiyataka yaweke kwenye jua na uyasugue kila wiki. Na kama utatumia ule mtambo unaotengeneza klorini kutokana na chumvi, jiwe laini la aina yoyote litatafunwa taratibu na chumvi inayokaukia juu yake. Lipake dawa ya kuzuia maji na uirudie inavyopaswa.

Vigae vinavyong'aa vya sebuleni usivilete nje, hata dukani wakikupa nusu bei. Vigae vya bwawa vina daraja zake. Wajerumani hupima kwa kumtembeza mtu miguu mitupu juu ya kigae kilicholowa ambacho huinuliwa polepole mpaka aanze kuteleza, kisha hukipa herufi A, B au C. Kwa kandokando ya bwawa dai B, na kwa ngazi za kuingilia majini dai C. Muuzaji asipojua unazungumza nini, usinunue kwake.

Hata hivyo kipimo ninachokiamini zaidi ni cha bure. Omba vipande vya mfano vya kila jiwe unalolifikiria. Viweke juani uwanjani kwako kuanzia saa nne asubuhi. Saa saba vua viatu, simama juu ya kila kimoja mpaka uhesabu hadi kumi. Kile kitakachokufanya urukeruke, kiondoe. Vilivyobaki vimwagie maji, paka mafuta ya jua kidogo, yale wanayojipaka wageni, maana hayo ndiyo huangusha watu zaidi ya maji. Kisha telezesha unyayo. Waite na wenzako, mzito na mwepesi. Utakuwa umeamua kabla ya chakula cha mchana, na hakuna kitabu cha picha cha mbunifu yeyote kitakachokubishia.

Ukubwa usiugawe sawa pande zote. Pande mbili zinatosha kuwa na mita 1.2, watu wawili wapishane. Upande wa kulala uwe mita 3 au zaidi, kwa kuwa kitanda cha jua kina mita 2 na nyuma yake mtu lazima apite bila kutembea ukingoni. Wewe bahari iko mashariki. Jua la asubuhi litaingia moja kwa moja, na kuanzia alasiri kivuli cha nyumba kitalifikia bwawa. Mgeni wa Italia analifuata jua, mgeni wa Nairobi anaomba kivuli. Wape wote, lakini usidhani kitanda kimoja kitawatosha. Mashimo ya kusimamishia miavuli yaachwe ndani ya slabu, mabomba ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu mwavuli wa kusimama juu ya kitako chake, kusi ikivuma, nimeuona ukiruka bwawa zima. Na banda la makuti lisogeze mbali na maji, la sivyo mtunza bwawa atakuwa anaokota vijiti kila asubuhi.

Miti nisiiongelee sana. Mvinje unapukutika mwaka mzima na sindano zake huziba chujio. Mkungu unaangusha majani makubwa na matunda. Mnazi juu ya vitanda vya wageni ni kesi inayosubiri mahakama. Mti wowote wa jamii ya mkuyu uwe mbali kabisa, mizizi yake huinua slabu. Mbao nazo, kama utataka kipande cha sakafu ya mbao, basi mvule au msaji, na skrubu za chuma kile cha daraja la 316 kinachostahimili bahari.

Umeme sitaupitia haraka. Maji na umeme vikikutana hakuna fundi wa kuitwa tena. Ndani ya mita 3.5 kutoka ukingoni pasiwe na soketi hata moja, wala ya muziki, wala ya friji ya soda. Taa za ndani ya maji ziwe za volti 12, na transfoma yake ikae nje ya umbali huo. Saketi zote za bwawa na bustani zipite kwenye kikata umeme kinachojikata kwa miliampia 30. Na kuna kazi moja ambayo lazima ifanywe kabla zege halijamwagwa: chuma chote cha hapo, BRC ya sakafuni, nondo za bwawa, ngazi ya chuma, reli ya mkono, viunganishwe pamoja kwa waya wa shaba, ili umeme ukivuja popote mtu aliyelowa asiwe daraja kati ya chuma kimoja na kingine. Zege likishamwagwa hilo haliwezekani tena. Ndiyo maana fundi umeme aje kabla ya mwashi kumaliza, na awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, si kijana anayejua kuunganisha taa za harusi. Kabla ya kufunika, piga picha za kila bomba na kila waya, na futi ya kupimia ionekane kwenye picha. Siku utakapotaka kutoboa shimo la mwavuli mwingine utazitafuta.

Nimeliacha la watoto mpaka hapa kwa sababu ndilo utakalotaka kulibishia. Ukuta wa kiwanja si uzio wa bwawa. Ukuta wa nje unamzuia mwizi. Mtoto wa mgeni tayari yuko ndani, pamoja na mtoto wa mpishi wako na wa jirani aliyekuja kucheza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hatapitapi kama kwenye sinema. Anakwenda chini kimya huku mama yake akiwa mita tano pembeni anajibu simu.

Kwa hivyo bwawa liwe na uzio wake lenyewe. Ufaransa, tangu sheria ya Januari 2003, mwenye bwawa la nyumbani lililochimbwa ardhini analazimika kuweka kinga mojawapo: uzio, kengele, kifuniko au paa la kulifunika. Australia wamekwenda mbali zaidi, na vipimo vyao ndivyo ninavyovifuata. Urefu usipungue mita 1.2. Nafasi kati ya fito na fito, na kati ya uzio na sakafu, isizidi sentimita 10, ili kichwa cha mtoto kisipite. Karibu na uzio kwa nje pasiwe na kitu cha kupandia, si chungu cha maua, si kiti, si pampu. Geti lifunguke kuelekea nje, lijifunge lenyewe kila likiachiwa, na komeo liwe juu, mita 1.5 kutoka chini, mahali mdogo asipofikia. Usisubiri mkaguzi akudai. Uzio huu uuweke kwenye ramani leo, kwa sababu nguzo zake zinataka msingi ndani ya slabu. Ukija kuzitoboa baadaye utavunja mawe na kuharibu mwinamo.

Utaniambia uzio utaharibu mandhari ya bahari. Basi nunua wa vioo, ukiwa na uwezo, au wa fito nyembamba zilizopakwa rangi nyeusi, ambazo macho hayazioni baada ya siku mbili. Geti ndilo lenye maneno. Wahudumu watalizuia kwa jiwe lisijifunge, kwa sababu wamebeba sinia. Ukilikuta jiwe hilo, liondoe mbele yao, na umwambie aliyeliweka kwamba mara ya pili ataondoka nalo.

Ukutani, pahali panapoonekana, tundika boya na mti mrefu wa kumvutia mtu. Kina kiandikwe ukingoni kwa tarakimu kubwa, na alama ya kukataza kuruka kichwa mbele, maana mita 1.5 inavunja shingo. Vinywaji kandokando ya bwawa vitoke kwenye bilauri za plastiki. Kipande cha kioo ndani ya maji hakionekani, na kukitafuta ni kulimwaga bwawa lote.

Sasa hesabu. Mkadiriaji wako ameweka sakafu yote kwenye mstari mmoja, "kutandika mawe", kwa mita ya mraba. Mrudishie. Aigawe: kujaza na kushindilia peke yake, slabu na BRC peke yake, mtaro na shimo la kunyonya, viungo, kuunganisha chuma, uzio, kisha mawe. Ukiona kujaza na kushindilia ni bei ya chai, ujue haitafanywa. Pesa zikipungua, punguza eneo, au chukua jiwe la bei ya chini. Usipunguze kilicho chini ya jiwe, kwa sababu jiwe unaweza kulibadilisha mwaka wowote na kilicho chini huwezi. Kwenye mkataba bakisha asilimia 10 ya malipo mpaka miezi sita ipite, na uipange miezi hiyo iwe na masika ndani yake. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, chukua mwavuli utoke nje ukiwa na ile chaki. Fundi wa kweli hatayakataa masharti hayo. Akiyakataa, mshukuru na umtafute mwingine kabla hajamwaga karai la kwanza.

Ramani iliyorekebishwa nitumie ikiwa na mishale ya maji na nguzo za uzio. Ya rangi za mawe muulize mkeo.